Gitaa Lenye Kikohozi

Fundi Makochi alikuwa mbele ya bendi akijaribiwa, akaupiga wimbo wake kwa gitaa kama alivyofundishwa na marehemu baba yake, na alipofika katikati, pale sauti zinapopanda kama zinataka kutokea juu ya paa, alizinyamazisha nyuzi kwa kiganja, akageuza uso pembeni, akakohoa. Kho! Kho-kho! Kisha akaendelea kupiga, hana hili wala lile.

Kiongozi wa bendi akanyoosha mkono. Huyu walimwita Sekunde, kwa sababu alivaa saa mbili, moja kila mkono, na ya kushoto ilikuwa na kazi ya kuichunguza ya kulia. Bendi nzima ikanyamaza.

"Kaka, unaumwa?"

"Siumwi."

"Mbona umekohoa?"

"Si wimbo umefika hapo?" Fundi akajibu, na yeye akimshangaa. Mtu mzima, kiongozi wa bendi, hajui nyimbo zinakwendaje!

Sekunde akamwambia arudie. Akarudia. Wakafika palepale, kiganja kwenye nyuzi, uso pembeni, kho! Kho-kho! Mpiga ngoma akaangusha kijiti kwa kicheko, akaingia chini ya meza kukitafuta na hakutoka upesi.

Jamani, tusimcheke na sisi. Baba yake naye alikuwa fundi makochi, wa enzi zile za kujaza sufi, na sufi ina vumbi linalokaa kifuani kama mpangaji asiyetaka kuhama. Jioni, kazi zikiisha, mzee alikaa na mwanawe juu ya makochi ya wateja akamfundisha wimbo mmoja tu, aliokuwa ameutunga mwenyewe. Kila wakifika pale pa kupanda, kifua kinambana, mzee anakohoa. Mtoto alikuwa mwepesi wa kushika, akashika wimbo na kikohozi chake. Mzee hakumsahihisha. Labda aliona haya, labda alidhani anataniwa, labda alipenda tu kuitikiwa. Akafa hajasema neno, na nyumba nzima hakuna aliyejua kwamba wimbo unaweza kwenda bila kukohoa.

"Vidole vyako nimevipenda," Sekunde akasema. "Solo nakupa wewe. Ila kikohozi sikitaki, piga ua. Siku ya onyesho ukikohoa, unashuka jukwaani na usirudi tena hapa."

Fundi akaahidi. Tangu utotoni alitaka jambo moja: kupiga gitaa mbele ya watu. Maisha yake yote alikuwa amepigia makochi matupu, na kochi, hata ulishone vizuri namna gani, halipigi makofi.

Akaenda hospitali, gitaa mgongoni. Daktari akampiga picha ya kifua, akaiinua dirishani, akatikisa kichwa kwa wivu.

"Mapafu safi kabisa. Ningekuwa nayo mimi, ningetembea kifua wazi."

"Subiri, daktari, bado hujanisikia."

Akapiga mlemle chumbani. Akafika mahali pake, kho! Kho-kho! Na nje, kwenye benchi la foleni, wagonjwa wakaitikia wote kwa pamoja. Daktari akakunja uso. Akaweka kipimo chake cha kusikilizia juu ya kifua cha Fundi, akasikiliza. Akakihamishia kwenye tumbo la gitaa, akasikiliza muda mrefu zaidi, macho kayafumba.

"Wewe mzima," akasema. "Mgonjwa ni huyu."

Akaandika dawa ya maji, vijiko viwili asubuhi, viwili jioni.

Nyumbani mke wake alimtazama akinywa kijiko cha kwanza, akashika kiuno.

"Hebu niambie, mume wangu. Daktari kasema mgonjwa nani?"

"Gitaa."

"Sasa mbona unakunywa wewe?"

Fundi akakilamba kijiko. Mke akamnyang'anya chupa. Kumimina dawa ndani ya gitaa hakuthubutu, kwa kuwa ni mwanamke mwenye akili zake. Alichofanya ni kulichua shingo kwa dawa ya misuli, akalifunga skafu, akalilaza mbali na dirisha lisipigwe na upepo. Asubuhi gitaa lilinuka kama mcheza mpira aliyeteguka.

Sekunde naye hakulala usingizi wa bure. Alitunga sauti nne za kuziba lile shimo la kikohozi, tim-tim-tiri-tim, akamwambia Fundi azifanyie mazoezi mpaka azipige hata akiwa anaota. Fundi akajikaza kisabuni. Karakanani, misumari midogo midomoni kama kawaida ya mafundi makochi, alipigilia kitambaa, akatema misumari, akapiga zile sauti nne, akarudi kazini. Alipohisi koo linawasha, alijifinya paja. Na siku moja, loh, wimbo ukaenda wote, mwanzo hadi mwisho, safi, hauna hata mkwaruzo.

Karakana ilikuwa ubavuni mwa nyumba, na mama yake alikuwa chumba cha ndani.

"Hebu zimeni hiyo redio!" akapiga kelele.

"Si redio, mama. Ni mimi."

Mama akatoka, mkono mmoja ukutani. Akamtazama mwanawe, akalitazama gitaa lenye skafu.

"Ni wewe?"

"Ni mimi, mama. Nimepona."

"Sasa baba yako umempeleka wapi?"

Fundi akainama akajifanya anaokota misumari. Iliuma, asikuambie mtu. Alikaa chini pale akipapasa sakafu mpaka mama aliporudi ndani. Lakini alikuwa ameshaahidi, na onyesho lilikuwa limewadia.

Siku yenyewe mama alikataa viti vya ukumbi. Alisema vimeshonwa na mtu mwenye hasira. Akaja na kochi lake, lile la mwisho kujazwa sufi na marehemu, limebebwa na vijana wawili wa nguvu, yeye akifuata nyuma akiwakaripia wasiligonge mlangoni. Likawekwa mbele kabisa, karibu na jukwaa. Mkwe wake, kwa kumjua, akamjaza peremende kubwa mashavu yote mawili asije akaropoka.

Bendi ikaanza. Fundi akatoka mbele. Akapanda na wimbo, akafika mahali pake, akajifinya paja, akapiga tim-tim-tiri-tim. Sekunde akatabasamu. Watu wakakaa tu. Mmoja akapiga miayo, mwenzake akaangalia simu. Fundi akaona wale watu aliowatamani miaka yote wamegeuka makochi, na machozi yakamlenga.

Akarudia ubeti. Akapanda tena, vidole tayari kwa zile sauti nne. Na hapo, kutoka kwenye kochi la mama, kikasikika. Kho! Kho-kho!

Kizito, kikavu, kimekaa mahali pake hasa. Vidole vya Fundi vikaganda. Zile sauti nne hazikupigwa. Akasimama mbele ya ukumbi mzima na shimo lake wazi, na kwa mara ya kwanza hakuona shimo. Alimwona mzee amekaa pembeni yake, kageuza uso asimkoholee mtoto.

"Basi!" akasema kwa sauti, sijui alimwambia nani. Akaanza ubeti upya, akapanda nao, akanyamazisha nyuzi, akasogelea maikrofoni na akakohoa kwa kifua chake chote safi kilichosifiwa na daktari. Vioo vikatetemeka. Watu wakaruka vitini. Ubeti uliofuata mpiga ngoma akakohoa naye, ukafuata mstari wa mbele, na mwisho ukumbi mzima ulikuwa unacheza, unasimama, unageuza uso pembeni kwa adabu, kho! Kho-kho! na kuendelea. Makofi yalipopigwa, Fundi alilia bila kujificha.

Sekunde aliangalia saa ya kushoto, akaangalia ya kulia, halafu akazivua zote mbili akazitia mfukoni. Nyuma ya jukwaa alimshika Fundi bega.

"Kaka, siku utakayosahau kukohoa, utanitambua."

Wakarudi nyumbani kwa miguu, kochi limebebwa mbele, mama juu yake maana alisema amechoka. Fundi akaharakisha, akatembea ubavuni.

"Ahsante, mama. Umekohoa vizuri mno. Kama yeye kabisa."

Mama akazisogeza peremende upande mmoja ndipo akaweza kusema.

"Nani, mimi? Na mdomo huu ulivyojaa? Nilidhani ni wewe."

Wakatazamana. Mama akaupiga mkono wa kochi kofi moja, kama alivyozoea kumpiga mzee begani akikohoa kupita kiasi. Vumbi la sufi likatoka kwenye mshono, likamwingia Fundi puani, na akakohoa mpaka akasimama njiani, mikono magotini, bila gitaa.

"Eeeh," mama akasema. "Hapo sasa umeshika."