Mate ya Pelagia

Pelagia alikuwa akisaga ugoro nyuma ya nyumba yake pale Kimali, tumbaku na magadi juu ya jiwe, huku amebwia ule wa jana. Ulikuwa msimu wa pili tangu soko la pamba liachwe huru. Wanunuzi binafsi walikuja na malori na mizani zao. Dawa ya funza hakuna aliyeleta, kwa sababu ushirika ndio ulikuwa ukiileta, na ushirika ulikuwa umefunga ghala.

Alipomaliza kusaga aliingia shambani kupalilia, akatema mate kwenye mche wa pamba. Funza wakashuka. Wa mche wa pili nao wakashuka, kisha wa mstari mzima, wakajipanga wakaelekea barabarani. Mtu wa baiskeli alisimama wapite, halafu akaendelea na safari.

Kuku aliyedonoa yale mate alikufa amesimama. Jioni Flora, mke wa mwanawe, alimwangusha kwa mwiko.

Jumapili, watu walipotoka kanisani, jirani yake Ngusa alikuja uani, akamwamkia kwa Kisukuma kama mama yake.

"Mwangaluka, mayu. Funza wanakula kwangu kama wamealikwa arusi."

"Si ulisema ugoro wangu uchafu?"

"Sikujua una kazi."

Pelagia akapita mashamba ya watu akitema. Siku ya tano ufizi ulifanya kidonda, pale pale anapoweka ugoro. Akaacha siku mbili. Kidonda kikatulia, lakini funza wakarudi kutoka barabarani, kila mmoja akapanda mche wake, na Ngusa akamletea mzigo mzima wa tumbaku.

Bwana shamba Kasmiri alifika kutoka Mwandoya. Alikinga mate kwenye chupa, akachovya karatasi ya kupimia, ikaungua mpaka vidoleni. Akaandika kwamba sumu hiyo inazidi dawa yoyote aliyowahi kugawa. Kisha akawaita watu akawapa masharti. Shamba likitemewa, watoto wasiingie siku tatu. Ng'ombe wasilishwe hapo. Atakayegusa mate avae glovu, akimaliza anawe kwa sabuni. Glovu alikuwa nazo, akagawa.

Pelagia alinyoosha mkono.

"Na mimi ninayeuweka ugoro mdomoni kutwa?"

Kasmiri alifunua fomu yake mbele na nyuma. Mdomo haukuwamo.

"Wewe umeshazoea, mayu."

Watu wakakubali kwamba amezoea.

Pamba ilizaa vizuri mwaka ule. Pelagia alipukutika meno yote ya chini, halafu taya likavimba. Zahanati walimpa vidonge vya maumivu. Kufikia upandaji uliofuata alikuwa hawezi kutema wala kusema.

Kijiji kilikutana, kikasimama dakika moja kumshukuru, naye amekaa mbele yao kwenye kigoda. Kisha wakamchagua Flora achukue kazi. Flora akachota ugoro, akauinua kuelekea mdomoni.

Pelagia akamshika mkono, akatikisa kichwa kwa nguvu, tena na tena.

"Anasema umechota mwingi," Ngusa alieleza.

Flora akapunguza, akauweka ndani ya mdomo wa chini.