Mstari wa Mita Moja na Ishirini

Shule ya watoto wa wafanyabiashara, ghorofa ya tatu pale barabara ya Huanshi Zhonglu, katika mji wa Kichina, ilifungwa mwanzoni mwa Julai, na chakula cha mchana kikafungwa nayo. Lulu, mwenye miaka tisa, akaanza kupungua kimo. Wiki ya kwanza alipungua vidole vinne. Mama yake, Kazija, aliyekuwa akifunga marobota kwenye soko la nguo la Shisanhang, akampandisha pindo la gauni, akaenda kazini.

Jumuiya ya wahamiaji ilikuwa ikigawa maboksi ya likizo, mchele na mafuta na mayai, kwa watoto wa umri wa shule tu. Pasipoti za wengi zilikuwa zimelala ofisi ya viza, kwa hiyo umri ulipimwa kwa desturi ya milango ya bustani za mji ule, ambako mtoto hutambuliwa kwa kimo: mstari ukutani, mita moja na sentimita ishirini.

Lulu aliukosa kwa upana wa kidole.

"Ana miaka tisa, kaka Nassor," Kazija alimwambia katibu. "Anajua hata kugawanya."

"Ukuta haujui kugawanya, dada. Huyu wa chekechea. Meiyou, hakuna. Mlishe akue, umlete tena."

Foleni ikacheka.

Wiki iliyofuata Lulu alimfika mama yake gotini. Fathiya, aliyesimama nyuma yao, alimtazama kwa wivu. "Una bahati shoga. Wangu kila mwezi viatu vipya."

Agosti Kazija alimleta ndani ya kikombe cha chai.

"Shikamoo," alisema Lulu.

"Marahaba, mwanangu," Nassor alijibu, akainama ili amwone vizuri. Akafurahi. Wafadhili walikuwa wametaka picha ya mtoto na boksi lake, na watoto wakubwa walilifanya boksi lionekane dogo. Akamketisha Lulu juu ya mchele, akapiga picha tatu. Msaada ulionekana mkubwa kama nyumba. Kisha akamwinua kwa vidole viwili, akamrudisha kikombeni, na boksi akampa Fathiya, aliyekuwa tena nyuma yao.

"Ahsante," Kazija alisema, kwa kuwa alilelewa hivyo.

Mlangoni akagundua Lulu amebana punje moja ya mchele kwapani. Alimwinua mkono taratibu, kwa ncha ya ukucha, asimuumize. Akarudi hadi mezani.

"Samahani, kaka. Hii ni yenu."

Nassor aliipokea, akaitumbukiza ndani ya gunia la mchele.

"Anayefuata," alisema.