Koli ya Ndagala

Hapa Baraka, muji wetu wa Fizi kando ya ziwa, bantu bananiita Mama Tania, na Tania mwenyewe haiko. Ku soko bananiita, "Mama Tania, kuja uone mihogo!" Nageuka, nacheka nabo, na moyo unauma. Jina la mutoto nalibeba vile bamama bengine banabeba batoto mugongoni.

Tania ni mwanajeshi. Musicheke. Mutoto niliyemuzaa mi mwenyewe, damu ya Fizi, anavaa kofia ya chuma ya jeshi la Amerika. Wakati wa vita tulivuka ziwa tukaingia ku kambi ya bakimbizi, Tanzania. Dada yangu Nadège akapata dosiye ya kwenda Amerika, akamuandika Tania pamoja naye. Mi nikarudi huku, juu mama yetu alikuwa mugonjwa na hakukuwa mwingine wa kumutunza. Mama akafa. Tania akakomaa kule bila mi kumuona. Na sasa jeshi lake limemutuma mbali zaidi tena, mu inchi ya muchanga mutupu, kulinda sijui nini ya nani.

Siku moja akanipigia. Kiswahili yake imeanza kukatika, anatafuta neno, halipati, anarudia nyuma. "Mama, hapa tunakula chakula cha mu karton, kila siku. Natamani ndagala, zile samaki ndogo za ziwa letu." Kisha nikasikia analia polepole, anafikiri mi sisikii. Mutoto mukubwa vile, mwenye bunduki, analia juu ya ndagala! Lakini uchungu wa mwana anaujua muzazi. Alikuwa mupweke. Na mi pia.

"Nyamaza," nikamuambia. "Nitakutumia. Siku utapika, unanipigia video, na mi napika ile ile huku, tunakula pamoja. Lakini usitie kitu mu kinywa kabla sijaonja."

Kwetu njo vile. Mwenye kutoa chakula anaonja kwanza, mbele ya macho ya mwenye kupokea, ili asiogope sumu. Hata mama kwa mutoto wake? Hata mama, njo heshima. Muntu akikuletea kinywaji chenye alishafungua kule ndani, we shukuru na uende zako.

Nikaagiza ndagala kwa mama mumoja wa Kazimia anayekausha juu ya wavu, kwani zile za kukaushwa ku muchanga zinakwaruza meno. Jirani yangu Mama Constance akakuja kunisaidia kutoa zenye kuvunjika. "We Mama Tania, unachagua ndagala sawa vile unachagua mukwe!"

"Chagua na ufunge kinywa," nikamuambia. Tukacheka. Tukazitia mu sashe za plastiki, tukachoma midomo ya sashe na mushumaa hadi hewa haiwezi kupita. Zingine za mutego ule ule nikajiwekea mu kapu yenye kutundikwa juu ya jiko, za siku yetu.

Aliyebeba koli, ule muzigo wetu wa sashe, hadi posta ya Kigoma iende kwa Nadège ni Eddy, anayeleta sabuni na bitenge kutoka kule. Pale ku bandari, boti inangoja, nikatoa sashe zote na kuzipasua.

"Mama Tania! Juu ya nini unaziharibu? Zilifungwa muzuri!"

"We tazama tu." Nikatoa ndagala moja mu kila sashe, nikatafuna, nikameza, nikamufungulia kinywa aone. Kisha nikafunga na uzi, fundo juu ya fundo. "Umeona? Basi umuambie wa posta, wa posta amuambie Nadège, na Nadège amuambie mutoto: mama yako alionja."

Eddy akacheka hadi akashika mbavu, lakini akaapa atasema.

Musimu wa mvua ukaingia, ukaisha. Nadège akatuma mesaji: koli imepita kwangu, nimeituma ku jeshi. Nikangoja. Kupika bugali ya muntu mumoja ni kazi mbaya, ee Mungu, unakoroga na unajiuliza ya nini. Kila siku ya Mungu, misa ikiisha, napanda pale ku kilima reso ya telefoni inashika kupita ku nyumba, nasimama, narudi.

Siku moja Mama Constance akaona kapu juu ya jiko. "Tupike basi zile ndagala. Asiyekuwapo na lake halipo."

"Lake liko!" nikamupigia kelele. "Liko mule mu kapu, na ukiligusa tutagombana!" Akaenda bila kuaga. Nikabaki na kapu yangu, na sikuwa na wa kumuambia kama nimekosea.

Kisha siku ya Mungu moja, jua iko juu, telefoni ikalia. "Mama, koli ilifika. We uko tayari kula?"

Aka! Nilikimbia ku jiko. Kitunguu, tomate, mawese, pilipili, ndagala zote za mu kapu. Bugali ikaiva. Nikamupigia video, nikaegemeza telefoni ku chupa ya mafuta, na mutoto wangu akatokea, amekonda, kofia imemufunika paji. Nikachukua ndagala moja, nikamuonyesha, nikatafuna, nikameza.

"Umeona? Haina kitu. Haya, kula."

Hakusogeza mukono.

"Tania, kula, bugali inapoa."

"Mama, nisamehe. Sina." Akatazama chini. "Koli ilifunguliwa mbele yangu. Sashe zilikuwa zimepasuliwa, zimefungwa na uzi. Shefu, mukubwa wetu wa jeshi, akasema chakula kilishafunguliwa, hatujui nani alitia mukono, kinaweza kuwa na sumu. Balitupa yote."

"Sumu? Mi? Huyo shefu alizaliwa na jiwe? Nilifungua ili basiogope sumu!" Nilisema mengi, mengine sitayarudia hapa. Nikasukuma sahani. "Basi na mi sili. Nitakula aje na we huna?"

"Hapana, mama." Akasogeza uso karibu hadi nikaona macho tu. "Kula. Tafazali. Nataka kukuona."

Nilitaka kukataa. Lakini nilimutazama, nikaona hakuwa anasema kwa heshima tu, alikuwa anaomba. Nikavuta sahani, nikamega, nikachovya, nikala.

"Chumvi iko?" akauliza.

"Iko ya kutosha."

"Na pilipili?"

"Inauma, mutoto wangu."

"Kula na kichwa."

"Kichwa iko kichungu kidogo. Ulipokuwa mudogo ulikuwa unaking'oa na kunirudishia."

Akacheka, kisha akapangusa macho na mukono wa koti ya jeshi. Mi sikuweza kupangusa yangu, vidole vilikuwa na mawese. Nikaendelea kumega na kuchovya. Naye alifuata kila tonge na macho, midomo yake inasogea kidogo kila nilipotafuna. Nikala hadi mwisho, hata muchuzi nikaupangusa na bugali ya mwisho, nikamuonyesha sahani.

"Aksanti, mama," akasema. "Nimeshiba."