Mawakala Waliofunzwa Kukimbia Uchuro

Sabra hakukaa kitako siku ile. Mara dirishani, mara kwenye kompyuta, mara nje kuchungulia barabara. Mama yake, Bi Mwanamina, alikuwa kijijini Mbuchi, huko mto unakoingia baharini, peke yake juu ya dungu, kile kichanja cha shambani, akiamia ndege wasimalize mpunga. Mto ulikuwa unajaa, na hakuna aliyejua utafika wapi. Mshamu mwenye boti, aliyekuja Kibiti kununua dizeli, alisimama mlangoni akitaka neno moja tu: akifika Mbuchi amtoe mama, au amwache?

Kompyuta ile ya kituo cha habari, alikofanya kazi Sabra, ilikuwa ngeni bado. Fundi Ismaily, aliyeileta kutoka Dar, alitia ndani yake programu alizoziita mawakala. Kazi yao ni kuzoa habari mtandaoni, kuzichambua na kuzipanga mafungu: bei za ufuta, afya, mafuriko. Ukishasoma habari unabonyeza "yafaa" au "haifai". Wakala wako anajifunza, anawapasha wenzake, na kesho hata mtu wa kijiji cha Bungu asiyekujua anafaidi ulichochagua. Jambo zuri, nani abishe?

Lakini watu wetu, jamani! Ikitokea habari ya kipindupindu, Bi Mashavu anaziba masikio: uchuro huo, uondoe. Ikija ya watu kuzama, wazee wanaguna kwamba hayasemwi hayo asubuhi yote hii, mtu hata chai hajanywa. Na Sabra, mtoto mwenye adabu zake, anabonyeza "haifai" kabla mtu hajanuna. Mawakala hawajui uchuro wala adabu. Walichojifunza ni kwamba Kibiti haitaki kusikia mabaya, wakaambizana, basi.

Sabra akatazama skrini. Fungu la mafuriko lilikuwa tupu. Akamwambia Mshamu hakuna neno, mama amalizie mpunga wake. Mshamu akamshukuru Mungu, akaenda zake.

Moyo ulikataa kutulia. Kesho yake akaingia dereva wa lori kutoka upande wa Utete, akasema kule juu ya mto maji yamelala barabarani na watu wanahama na kuku wao. Sabra akampigia simu fundi Ismaily. Fundi akamuuliza kama ameangalia kwenye kapu la takataka. Kapu gani tena? Alikuwa hajalifungua hata mara moja. Akalifungua. Yalikuwemo yote: onyo la mafuriko, limetolewa, limerudiwa, limerudiwa tena, na kila moja limeandikwa "haifai". Alijichukia.

Alikimbia hadi kituo cha afya, kwenye simu ya upepo, ile ya redio, maana Mbuchi hakuna mtandao, akaomba zahanati ya huko. Akapokea muuguzi Tamimu, anayemfahamu tangu shuleni. Sabra alimsihi atume mtu kwenye dungu la mama yake sasa hivi. Tamimu akauliza kwanza kama yuko na mtu.

"Mama anaumwa kidogo," alisema. "Njoo na kaka zako."

Pwani msiba hautupwi hivihivi masikioni mwa mtu aliye mbali. Anaambiwa ugonjwa, akifika ndipo ajue. Sabra mwenyewe, angekuwa upande ule, angesema vivyo hivyo.

"Kaka Tamimu, niambie lilivyo. Usinichagulie."

Simu ikakoroma.

"Dungu limeangushwa na maji alfajiri, Sabra. Tumempata kwenye mikoko. Njooni tuzike."