Ufunguo Unakaa Nje

Kinyesi kilikuwa juu ya meza ya kukatia nguo, katikati ya kitambaa cha mashati ya shule. Nzi walikuwa wameshafika. Fundi alisimama mlangoni, mfuko ungali begani, akawatazama nzi kwanza, kisha akatazama pale ilipokuwa cherehani. Hapakuwa na kitu ila alama za miguu ya mashine hiyo kwenye sakafu ya saruji na vumbi la nyuzi.

"Umerudi, mwanangu?" Sauti ya mama mkwe wake ilitoka nyuma ya kabati. "Kuna kitu kinanuka humu. Nilidhani ni mimi."

Bibi alikuwa amekaa chini, uso ameuelekeza ukutani, magoti ameyakumbatia. Macho yake yalikuwa yamekwisha kuzimika siku nyingi, lakini hakuwa na kawaida ya kukaa chini, wala ya kuukabili ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa. Fundi alimshika mabega akamgeuza taratibu.

"Nani amekuweka hapa, mama?"

"Wateja wako. Hukuwaagiza waje? Mmoja alinipa shikamoo, nikamwitikia, nikamkaribisha. Akanishika mkono kwa adabu kabisa, akaniketisha. Akasema, 'Geukia ukutani bibi, watu wanapima nguo, wanavua.' Nikageuka. Ningefanyaje? Watu wanavua." Akanusa. "Hawajaondoka bado?"

Fundi alikaa chini kando yake. Mwana wa bibi huyu, aliyekuwa mume wake, alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na tangu hapo Fundi alizoea kutania kwamba cherehani ndiyo mwanamume wa nyumba: inanguruma kutwa, lakini jioni inaleta unga. Sasa mwanamume huyo naye ameondoka, na vitambaa vya watu vimemfuata. Hakuna komeo lililovunjwa. Mlango ule ulikuwa wa kurudishia tu, kitasa kilishakufa tangu mvua zilizopita, na kila alipomwambia Mwenye Nyumba, alijibiwa kwamba fundi mlango yuko njiani. Njia hiyo, basi, ilikuwa ndefu.

Alikwenda kituo cha polisi kwa miguu. Koplo wa zamu alikuwa akijichokonoa sikio kwa kifuniko cha kalamu. Alimsikiliza bila kukitoa.

"Umegusa kitu?"

"Hapana, afande."

"Usiguse chochote."

"Na kile cha mezani?"

Koplo alikitoa kifuniko, akakiangalia kilichotoka nacho, akakipangusa ubavuni mwa suruali. "Hicho ndicho hasa usichokigusa. Hicho ni ushahidi. Wataalamu watakuja kukichukua."

"Lini, afande?"

"Gari halina mafuta. Labda wewe mwenyewe ungekuwa na namna ya kulisaidia gari..." Alisubiri. Fundi alitazama viatu vyake. "Haya. Subiri, basi. Lakini ukigusa, utakuwa umeingilia kazi yetu."

Wakasubiri. Fundi alikifunika kinyesi kwa beseni, nzi wakabaki wakizunguka ukingo wa beseni kama watu waliofika msibani wakakuta geti limefungwa. Jua lilipanda, bati likapata moto, na harufu ikapanda nalo. Chumba kilikuwa kimoja, kimegawanywa kwa pazia. Upande huu wanashona, upande ule wanalala na kupika. Pazia halizuii harufu. Bibi alikataa chakula. Alisema hana njaa, kisha akasema tonge linapita puani kabla ya kufika mdomoni. Walilala kanga zimezunguka nyuso zao, na kulipokucha hakuna afande aliyetokea.

Jirani yao, muuza mkaa, alichungulia akarudi nyuma mkono puani.

"Yaani mnalinda mavi?"

"Tunalinda ushahidi," Fundi alisema, akasikia mwenyewe jinsi maneno hayo yalivyokuwa ya kijinga.

"Mavi ni mavi, shoga yangu. Hata serikali ikiyapa cheo, yatanuka vilevile."

Siku hiyo nayo ilipita. Mchana wa siku iliyofuata bibi alitapika maji matupu kwenye kikombe alichokuwa akinywea, akaomba radhi, akauliza kama amechafua. Hapo Fundi aliinuka. Alichukua majivu kwa muuza mkaa, akachukua mchanga, sabuni na brashi. Akakunja kile kitambaa kwa ncha zake nne, akakitoa nje akiwa ameishikilia pumzi, akakichoma nyuma ya choo. Kisha akasugua. Alisugua meza hata mbao zikageuka rangi, akasugua sakafu ambayo haikuguswa, akasugua kucha zake mwenyewe, halafu akainama mferejini akatapika hadi machozi yakamtoka. Haikuwa huzuni. Ilikuwa kinyaa, nacho kilikuwa kimemshika kila mahali, hata kwenye nywele.

Maji ya kusuuzia hayajakauka, polisi wakaja. Walikuja katika gari la Mwenye Nyumba, naye akashuka nao, kanzu imenyooka, miwani kaipandisha kwenye paji. Alikuwa ndiye mwenye nyumba na ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya ulinzi ya mtaa; kofia mbili, kichwa kimoja.

Koplo alisimama katikati ya chumba akivuta hewa. "Nasikia harufu ya sabuni."

"Mama alikuwa anaumwa, afande. Tumekaa nacho..."

"Kiko wapi?"

"Nimekichoma."

Koplo alimgeukia Mwenye Nyumba kama mwalimu anayemwonyesha mzazi daftari la mtoto mzembe. "Unaona, mzee? Hawa watu wakisaidiwa, wanajiharibia. Mama, unajua kuharibu ushahidi ni kosa? Naweza kuondoka na wewe sasa hivi."

"Mimi sikuharibu kitu," bibi alisema kutoka kitandani. Wote waligeuka. "Masikio yangu yapo. Aliyenipa shikamoo namjua."

"Ulimwona, bibi?"

"Nilimsikia."

Koplo alicheka, akampigapiga Mwenye Nyumba begani. "Shahidi wa macho asiye na macho!"

"Ni yule anayepuliza filimbi," bibi aliendelea, wala hakupandisha sauti. "Anayekuja kuchukua mchango wa ulinzi. Sauti yake inaanzia puani. Hupita hapa kila siku ya Mungu, nitaachaje kuijua? Siku ile nilidhani naye kaja kupimwa nguo."

Kicheko kilikatika. Anayepuliza filimbi alikuwa Komandoo, mkuu wa vijana wa ulinzi, mtoto wa dada yake Mwenye Nyumba. Wakati huo alikuwa pale nje, ameegemea gari la mjomba wake, rungu kwapani, akitafuna kijiti.

Mwenye Nyumba aliishusha miwani machoni. "Bibi amesema neno zito," alisema. "Neno zito halijibiwi chumbani. Kesho nitaitisha kikao, kila mtu asikie."

Fundi alishukuru. Baadaye alijichukia kwa kushukuru.

Kikao kilifanyika uani, alasiri. Wapangaji walikaa kwenye ndoo na mabenchi, Mwenye Nyumba kwenye kiti chenye mto. Bibi aliletwa kwa mkono, akaketishwa katikati kwenye kigoda, peke yake, kanga ameifunga vizuri kichwani.

"Sisi si watu wa kuonea," Mwenye Nyumba alisema. "Bibi anasema anaijua sauti. Vizuri. Wanaume watapita mmoja mmoja, kila mmoja amwamkie. Akimsikia mtu wake, amshike."

Wakapita. Fundi bomba, kinyozi, muuza maji, vijana wawili wa ulinzi, hata Mwenye Nyumba mwenyewe alipita akiwa anatabasamu. Shikamoo bibi. Shikamoo bibi. Kila mmoja bibi alimwitikia marahaba, kwa adabu ileile, akatikisa kichwa. Si huyu. Si huyu. Mtu mmoja akaibana sauti kama mbuzi, watu wakacheka, na muuza mkaa akamtukania mama yake.

"Haya, bibi," Mwenye Nyumba alisema. "Wamekwisha. Umemsikia?"

"Hawajaisha."

"Wote wamepita."

Bibi aligeuza uso wake polepole, upande wa lango, hadi ukasimama mahali pamoja. "Kuna mmoja yuko pale. Hajasema. Lakini anatafuna kitu, na anapumua kwa pua."

Macho yote yalikwenda langoni. Komandoo aliacha kutafuna. Jasho lilikuwa likimshuka shavuni, na mkono uliolishika rungu ulikuwa ukifunguka na kufumbika.

Fundi alisimama. "Na Komandoo aseme. Neno moja tu. Amwamkie bibi kama wenzake."

"Ndiyo, aseme," muuza mkaa alidakia.

Fundi aliwatazama majirani zake mmoja baada ya mwingine. Wote hawa walijua. Kinyozi alikuwa ameibiwa redio. Fundi bomba alishaibiwa vifaa vyake vyote. Kinyozi aliinama akaanza kufunga kamba ya kiatu iliyokuwa tayari imefungwa. Fundi bomba aliangalia juu, kana kwamba mvua inakuja.

"Komandoo yuko kazini," Mwenye Nyumba alisema, taratibu, kama anayemweleza mtoto. "Mlinzi hashtakiwi kwenye kikao cha ulinzi. Tukianza kuwavunja moyo walinzi, nani atatulinda?" Akamgeukia bibi. "Bibi amechoka na jua. Mrudisheni ndani."

"Sijachoka," bibi alisema.

Wakamrudisha ndani.

Ndipo Mwenye Nyumba alipofika kwenye jambo lililomleta. Tatizo la uani hapa, alisema, si mtu. Tatizo ni milango. Yeye kama mzazi wao hawezi kulala watu wake wakiibiwa. Geti la chuma litawekwa kwenye ukumbi wa vyumba vyote, na kodi itapanda ili kulilipia. Watu walipiga makofi. Fundi aliona muuza maji, ambaye kodi ya mwezi uliopita ilikuwa bado imemkaa kooni, akipiga makofi kuliko wote.

Baada ya watu kutawanyika, Mwenye Nyumba alimfuata mlangoni. Alinong'ona, akitabasamu kwa walio mbali.

"Ukitaka kuhama, hakuna aliyekufunga. Ukitaka kukaa, kaa na ulimi wako ndani ya mdomo wako. Na huyo mzee wako umtunze. Mtu asiyeona huanguka ovyo."

Geti lilichomelewa katika karakana ya mdogo wake Mwenye Nyumba, likaletwa kwa mkokoteni, nondo nene, kufuli moja la upande wa nje. Ufunguo ulikuwa mmoja, na ulikaa kwa Komandoo. Mpangaji akikaa na ufunguo, walielezwa, mwizi atamnyang'anya, mlinzi hanyang'anywi. Jua likizama, Komandoo anafunga. Asubuhi akiamka, anafungua. Akichelewa kuamka, wanafunzi wanachelewa shule na muuza maji anapoteza wateja wa alfajiri. Walimpigia kelele mara moja tu. Siku iliyofuata alifungua adhuhuri.

Choo kilikuwa ng'ambo ya ua, nje ya geti. Hilo hakuna aliyelifikiria, au lilifikiriwa na asiyehusika nalo. Kila chumba kilinunua ndoo yenye kifuniko. Jioni ukumbi ulianza kunuka, na asubuhi watu walipanga foleni na ndoo zao bila kutazamana, watu wazima, mama na mkwewe wa kiume, kila mmoja na shehena yake. Muuza mkaa, ambaye zamani hakukosa la kusema, aliisukuma ndoo yake kwa mguu foleni ilivyosogea.

Fundi sasa alishona kwa mkono. Kupindia suruali, kutia vifungo, kugeuza kola zilizochakaa. Wateja waliopoteza vitambaa walikuja kumdai, wengine kwa upole, wengine kwa matusi, na mmoja alimwambia mbele ya watu kwamba mwizi hajifichi mbali na cherehani. Alifanya kazi ameketi kwenye kigoda mbele ya mlango wake, ndani ya geti, ambako mwanga ulikuwa mzuri zaidi.

Siku moja mchana Komandoo alikuja na kopo la rangi na brashi, akapaka nondo zote rangi ya kijani. Jioni yake, geti likiwa limekwisha kufungwa, Mwenye Nyumba aliingia uani na wageni. Walikuwa wametoka ofisi kubwa, wakiongozwa na bwana mmoja mnene mwenye tai na sauti ya kupoza watu. Mpiga picha alitangulia mbele yao akirudi kinyumenyume.

"Huu ndio mfano wetu," Mwenye Nyumba alisema. "Tangu tuweke, hakuna tukio hata moja."

Bwana wa ofisi alisogea, akatazama ndani. Aliwaona watoto waliokaa chini, muuza mkaa aliyempa mgongo, bibi aliyelala kwenye mkeka, na Fundi na sindano yake. Puani kitu kilimgusa, akakunja uso kidogo, kisha akaukunjua.

"Hongereni sana," alisema. "Mnajisikia salama?"

Fundi alifungua mdomo.

"Wanalala kama watoto, mheshimiwa," Mwenye Nyumba alijibu.

Mheshimiwa alicheka, akalishika geti, akalitikisa kupima uimara. Halikutikisika. Alipouondoa mkono, kiganja chote kilikuwa kijani. Akakitazama kama kitu cha mtu mwingine.

"Aa, rangi!" Mwenye Nyumba aliruka. "Komandoo, wewe! Fundi, fanya haraka, lete kitambaa. Kisafi!"

Kitambaa kisafi kilichokuwa karibu ni kile cha mteja, kilichokatwa tayari kwa ajili ya kola. Fundi alisita. Mkono wa Mwenye Nyumba ulikuwa umeshaingia katikati ya nondo, kiganja juu, vidole vikimwita. Akampa. Mheshimiwa alijifuta kidole kimoja kimoja, bila haraka, akiuliza mtaa huu una nyua ngapi nyingine ambazo zingefaa kuwekewa mageti kama haya, na Mwenye Nyumba akizitaja. Alipomaliza alitafuta pa kukiweka kitambaa. Hakupaona. Akamrudishia Fundi katikati ya nondo.

"Asante, mama."

Wageni waliondoka. Magari yaliwashwa, mtu mmoja akacheka huko nje. Fundi alibaki na kile kitambaa, rangi ikimnata vidoleni, na kwenye mapaja yake kulikuwa na shati la watu ambalo lilitakiwa kesho asubuhi. Aliinua mikono yote miwili juu, mbali na shati, akakaa hivyo, asijue aiweke wapi.