Mkwe Hashikwi

Nilimwambia, jamani. Nilimwambia mpaka mdomo ukachoka. Mume wangu Benard alikuwa na miaka hamsini na kitu, kazi yake kutoa mizigo ya watu forodhani hapa Busia, na kila akipanda ngazi za ofisi ilibidi asimame katikati ashike kifua. Nikisema twende ukapimwe moyo, ananicheka.

"Mama Emmy, hii ni gesi tu. Malori yananingoja."

Gesi! Gesi gani inamtoa mtu jasho asubuhi ya baridi?

Tulipokwenda kwetu Mulanda, ndiyo kabisa. Mama yangu ni muuguzi mstaafu, na baada ya ibada wanaume wa kanisani humfuata nyumbani awapime presha. Walipimwa wote isipokuwa Benard. Kwao Samia na kwetu Padhola, mama mkwe hamshiki mkwe wake hata mkono. Na Benard, mjanja huyo, alifurahi kupata kisingizio cha heshima. Kumbe alikuwa anaogopa tu kuambiwa ni mgonjwa.

Jumapili hiyo tulikuwa tunakula kuku. Benard akaweka mfupa chini, akashika taya.

"Jino," akasema.

Jasho lilikuwa linamtiririka mpaka shingoni. Nikapiga kelele. Mama, aliyekuwa jikoni, akanipa mashine ya presha mlangoni. "Mfunge wewe, unisomee."

Nikasoma. Akasema soma tena. Nikasoma tena, mama akatoka mbio, kitenge kinamvuka, akamkamata mkono. Benard akauvuta.

"Mama, hapana. Wacha tu, itaisha."

"Baba Emmy, moyo wako unakufa na wewe unaniletea heshima?" Mama akafoka.

Akanipa aspirini nimtafunishe. Jirani yetu Oketcho akaleta gari twende hospitali Tororo, na hapo, ee Mungu wangu, tukapoteza muda uani tukibishana nani akae wapi. Mgonjwa hataki kukaa kiti kimoja na mkwewe! Nilitamani kumzaba kofi. Mwisho mama alimsukuma ndani, akaingia, akafunga mlango.

Hatukufika mbali. Benard alianza kukoroma vibaya, kichwa kikamwangukia mama begani. "Simamisha!" mama akasema. Tukamlaza kwenye nyasi kando ya barabara. Mama akapiga magoti, akaanza kumfungua vifungo vya shati. Benard akafumbua macho, akaushika mkono wake ili kuuzuia.

"Mama, nisamehe," akasema.

Kisha mkono ukaanguka. Mama akamkandamiza kifua kwa mikono miwili, akikandamiza huku analia na kumwita kwa jina lake, jina ambalo hakuwahi kulitamka, mpaka Oketcho alipomshika mabega.

Watu wa msiba wananiuliza alisema nini mwishoni. Wanataka kusikia aliniaga, au alimtaja mwanetu Emmy. Nawajibu kwa hasira, sijui nifanyeje nayo: mume wangu alikufa akimwomba mama yangu msamaha kwa kufunguliwa shati.