Gari la Bwana Moshi Halivuji Tena

Gari la Bwana Tolland lilikuwa linavuja oili kwa nyuma, na kwa sababu hiyo watu wa Kawangware walimbatiza Bwana Moshi. Oili ilitoka pale injini inapoungana na gia boksi, ikadondokea klachi, klachi ikateleza. Kila alipokanyaga mafuta kwenye mlima wa kupandia shambani kwake, gari lilinguruma bila kusogea na kufuka moshi kama jiko la kuni mbichi. Na hilo lilikuwa gari la mashindano, la kijani, silinda sita, lililoletwa kwa meli kutoka kwao Ulaya ili liwapite wenzake. Lilikuwa linapitwa na mikokoteni.

Mimi ni Murjan, mwana wa Fadlalla, mzaliwa wa Kibra. Mwaka huo, 1951, nilikuwa nimeshika spana miaka kumi na mmoja katika gereji moja mjini, na msimamizi wetu Mzungu bado aliniita boi. Nilikuwa na miaka thelathini na mitatu, na ndevu.

Msimamizi huyo alilitengeneza gari la Bwana Tolland mara mbili. Mara mbili alilala chini yake, akatoka, akajipangusa mikono, akasema tayari. Mara mbili likarudi likivuja. Kosa lake nililiona tangu siku ya kwanza, lakini nani aliniuliza?

Ndani ya injini kuna krenki, lile chuma kubwa linalozunguka. Kwa nyuma, krenki imekumbatiwa na kamba nene iliyokatwa vipande viwili, nusu juu na nusu chini, na kamba hiyo ndiyo inayozuia oili isitoke. Nusu ya chini unaifikia kwa kulala chini ya gari. Nusu ya juu huifikii mpaka uitoe injini nzima na kuifumua. Msimamizi alibadilisha ya chini peke yake, akaiacha ya juu iliyokwisha kuoza. Hata hiyo mpya aliigonga kwa nyundo, kisha akazikata ncha zake kwa wembe, sawasawa na ukingo wa chuma. Ilipendeza kuitazama. Ikavuja.

Mimi kamba nimefundishwa na mama. Mama yangu, Bakhita, husuka tabaga, vile vifuniko vya ukindu wa rangi ambavyo kila nyumba ya Kisudani pale Kibra hufunikia sinia la chakula. Ukindu huuloweka kwanza. Haupigi, huulaza kwa kuusugua taratibu. Na akifika mwisho, hakati ukalingana. Huacha unene wa ukucha, kwa sababu kitu kilicholowa kikikauka hujivuta kikaacha pengo. Nilikuwa mtoto nikimkatia ncha hizo, na nikikata karibu mno alinipiga vidole kwa kijiti.

Ningenyamaza hata mara ya tatu, kama si nyumba. Baba alikuwa askari wa Keya, jeshi la Waingereza, akapigana vita vikubwa vyote viwili, na kibali cha kukaa Kibra kilikuwa kwa jina lake. Alifariki wakati wa masika. Mwezi wa sita ikaja karatasi ya serikali: aliyepewa kibali amekufa, waliobaki waonyeshe haki yao kabla ya mwisho wa Septemba, la sivyo nyumba itabomolewa. Nyumba ya udongo, vyumba vinne, aliyoijenga baba kwa mikono yake. Nyuma yake, penye ua wa mabingobingo, amezikwa mdogo wangu Taha. Mama hakulia alipoletewa karatasi ile. Alitoka akaenda kufagia pale kaburini.

Karani wa ofisi ya vibali aliniambia barua ya Mzungu ingesaidia. Kwa hiyo Bwana Tolland alipokuja gereji mara ya tatu, amewiva kwa hasira, nilimsubiri msimamizi aingie ofisini, nikamsogelea.

"Bwana, mimi naweza kuzuia hiyo oili."

Alinitazama kutoka kofia mpaka viatu. "Wewe? Bwana mkubwa yako nashindwa, wewe taweza?"

"Nitaweza. Lakini injini itoke yote."

"Mashindano iko bado wiki tatu. Kama wewe naharibu, mimi tachinja wewe. Kama natengeneza, wewe nataka nini?"

"Barua, Bwana. Ya kupeleka kwa serikali."

Akacheka. Alikuwa amejiandaa kwa jambo kubwa zaidi. "Barua tu? Tapata."

Jioni nilimweleza mama. Aliweka ukindu chini. "Mwambie aandike kwamba wewe ni mtoto wa askari, na mama yako ni mjane wa askari. Basi. Usiongeze kitu."

"Sawa, mama."

"Murjan, nimekwambia usiongeze kitu. Hiyo mimi naijua serikali, nimeolewa nayo miaka thelathini na tano."

Gari lilipelekwa kwenye banda la Bwana Tolland, pembeni mwa shamba lake la kahawa, mpakani na Kawangware. Nikaomba ruhusa gereji, nikadanganya kwamba naumwa, na kila asubuhi nikatembea kutoka Kibra mpaka huko. Pale bandani nilimkuta Ng'ang'a, mtu wa Kawangware aliyekuwa anaosha magari ya Bwana. Mzee wake alizaliwa hapo hapo penye kahawa, kabla haijawa kahawa.

"Kwa hivyo wewe Msudani unalilia karatasi," akaniambia tukifunga mnyororo wa kuinulia injini. "Nyinyi muko na karatasi na hamuna shamba. Sisi tuko na shamba na hatuna karatasi. Huyu Bwana ako na zote mbili na bado analia juu ya oili."

"Vuta mnyororo wewe."

"Navuta. Si nasema tu?"

Injini ikatoka. Niliipindua, nikaifumua, nikainua krenki, na pale juu nikaikuta ile kamba kuukuu, imekuwa ngumu na nyeusi kama utambi ulioungua. Ng'ang'a aliishika akainusa, akasema hata mbwa angeikataa. Kamba mpya nilikuwa nimezilaza kwenye oili siku nzima. Nyundo niliigeuza: nilitumia mpini wake, nikaisugua kamba ndani ya mfereji wake, taratibu, kutoka katikati kwenda pembeni, mpaka ikakaa. Kisha nikakata ncha, nikaacha unene wa ukucha kila upande.

"Mbona umeiwachia masharubu?" akauliza Ng'ang'a.

"Zikibanwa zitakutana, zisukumane. Hapo ndipo oili itakosa njia."

"Hiyo umefundishwa na Mzungu gani?"

"Mzungu anaitwa Bakhita," nikasema, na tukacheka mpaka mpishi wa Bwana akatoka kutazama. Siku hiyo nilikuwa na furaha. Nalisema wazi kwa sababu sikuipata tena.

Tuliporudisha injini, krenki ilizunguka kwa shida, na Bwana Tolland akaanza kubweka kwamba nimeiua. Nikamwambia kamba mpya ni ngumu mpaka ijizoeshe, aendeshe polepole siku tatu. Akaendesha. Siku ya nne alitandaza gazeti safi chini ya gari likiwa limetoka kupanda mlima, na asubuhi akalichomoa. Lilikuwa halina hata tone. Alinipiga begani. Mzungu alinipiga begani, mbele ya Ng'ang'a na mpishi.

Wiki iliyofuata akaenda Nakuru kushindana, akarudi na kikombe cha fedha. Akaketi kwenye veranda na kalamu, akaniita.

"Sasa barua. Mimi taandika nini?"

Nilikuwa nimelikariri neno la mama njia nzima kutoka Kibra. Mtoto wa askari. Lakini nikakitazama kile kikombe mezani, nikamkumbuka msimamizi na lile neno lake la boi, miaka kumi na mmoja.

"Andika fundi, Bwana. Andika mimi ni fundi."

"Hiyo ni kweli kabisa!" Akaandika kwa bidii, ukurasa mzima, na kugeuza nyuma. Akaitia kwenye bahasha, akaifunga kwa ulimi wake, akaandika juu. Niliipokea kwa mikono miwili.

Ng'ang'a alinifuata mpaka njiani. "Twende kwa binamu yangu Gerishon, ni mwalimu, akusomee."

"Imefungwa. Nikiifungua watasema nimeichezea."

"Ifunguliwe na mvuke wa chai, nani atajua?"

"Mimi si mwizi, Ng'ang'a. Hii ni barua yangu ya heshima."

"Heshima," akasema, akageuka akarudi kwa ndoo zake.

Nyumbani mama aliuliza kama ameandika alivyosema. Nikamwambia ndiyo. Ni mara ya kwanza kumdanganya tangu nivae kanzu ya utu uzima.

Kwenye ofisi ya vibali, afisa aliisoma barua mara mbili na uso wake ukachangamka. Akasema maneno mengi kwa Kiingereza, na karani akayatafsiri bila kunitazama.

"Bwana mkubwa anasema una bahati sana. Barua nzuri kama hii hajaiona. Bwana Tolland anasema wewe ni fundi hodari, kushinda Wazungu wengine. Anasema anakuandika kazi kwake, na chumba atakupa, karibu na banda la gari."

"Chumba? Sikuomba chumba."

"Imeandikwa hapa. Anataka ukae karibu na gari." Karani akashusha sauti. "Sasa bwana mkubwa anasema hivi: Kibra ni ya askari wazee na watu wao wasiojiweza. Wewe unajiweza. Kazi uko nayo, na mahali pa kulala umepewa."

"Na mama yangu?"

Karani akauliza. Afisa akajibu kwa neno fupi tu.

"Mama ako na mtoto fundi. Atamtunza."

Nikasema baba yangu alikuwa askari. Nikasema kwa sauti, nikataja vita vyote viwili. Afisa akatafuta ndani ya barua kwa ncha ya kalamu, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta kwa nia njema kabisa. Akatikisa kichwa. Hilo halikuandikwa. Akapiga muhuri.

Nilikwenda mbio mpaka Kawangware. Bwana Tolland alikuwa anapaka gari nta. "Lakini mimi nasema wewe fundi namba moja!" akashangaa. "Hiyo ndiyo wewe nataka!" Alikuwa anasema kweli, na mpaka leo hilo ndilo linaloniuma kuliko yote. Nikamuuliza kama mama anaweza kukaa nami kile chumba. Akasema chumba ni ya mtu moja.

Walibomoa tarehe mbili Oktoba. Ua wa mabingobingo uling'olewa pamoja na kuta, na lori likageuzia pale alipolala Taha. Mama alisimama na tabaga zake kumi na mbili kichwani, mpaka dada yake, Sitti, akaja kumshika mkono. Sasa anakaa kwa Sitti, kwenye kona ya chumba cha watoto. Nilipomweleza neno nililoliongeza hakunifokea. Aliniuliza tu, "Ile kamba ya gari, uliacha ukucha?"

"Niliacha, mama."

"Basi ulinisikia siku moja." Akageukia ukutani. Tangu hapo nikienda kumwona hunipa chakula na haniulizi kitu.

Ninalala kando ya banda. Watu wa Kawangware wameacha kumwita Bwana Moshi. Kila asubuhi, kabla Bwana Tolland hajaamka, nachukua taa, nalala chali chini ya gari na kutazama pale nyuma, injini inapoungana na gia boksi. Napitisha kidole. Natafuta tone moja tu la oili, nipate kumwambia kwamba mimi si fundi, na aiandike barua upya.

Kidole hutoka kikavu.